Upya wa kazi ya sanaa hutoka wapi

Mwaka 2013 niliandika hadithi niliyoipenda kuliko zote nilizokuwa nimeandika kabla yake, na sababu ya kuipenda ilikuwa moja tu: haikufanana na hadithi nyingine yoyote niliyoijua. Msimulizi wake alikuwa kivuli, sentensi zake hazikuwa na nukta, na mhusika mkuu, mama asiye na jina, alitembea katika mji usio na jina tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Niliisoma mbele ya waandishi wenzangu saba hapa Lubumbashi, nao wakaisifu kwa ugeni wake. Jioni nilirudi nyumbani Katuba nikamsomea mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, akiwa amekaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, akisubiri maji ya bukari, yaani ugali, yachemke. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza: "Mwanangu, huyu mama anauza nini?"

Sikuwa na jibu, na usiku ule nilikasirika, nikijiambia kwamba swali lile lilikuwa la mtu asiyesoma vitabu. Ilinichukua miezi kadhaa kukubali kwamba lilikuwa swali la msomaji makini kuliko wenzangu wote saba. Mama mkubwa aliuza makaa, ambayo sisi huku tunayaita makala, kwa zaidi ya miaka 20. Kwake, mama anayetembea mjini kutwa nzima bila mzigo, bila deni na bila mahali pa kufika si mtu. Nami nilikuwa nimeutafuta upya kwa kukwepa kila kitu ambacho wengine walikwisha kukiandika, hata nikajikuta sina nilichobaki nacho mkononi.

Ninayaandika haya kwa ajili yenu mnaoanza kuandika au kuchora, kwa sababu wengi mnaoniletea kazi zenu mnauliza lile nililokuwa nikijiuliza mimi: nifanye nini ili kazi yangu iwe mpya? Swali ni halali. Sikubaliani na wanaosema kwamba hakuna jipya chini ya jua na kwamba kwa hiyo inatosha kurudia vizuri. Jicho likishazoea kitu huacha kukitazama, na sikio likishajua sentensi itaishia wapi huacha kuisikiliza. Kazi mpya ina thamani kwa sababu inamrudishia mtu kitu alichokuwa akikipita kila siku. Ndiyo maana mnapaswa kujua kwanza watu wenu wamezoea nini. Asiyezijua picha zinazotundikwa sebuleni mwa jirani yake hawezi kujua ni picha gani jirani huyo hajawahi kuiona.

Katika mji huu mfano tunao karibu. Mwaka 1946, wakati Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, na hakutaka wachoraji wake waige picha za Ulaya. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi iliyobanana, kwa rangi chache zinazokaribia udongo. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka katikati ya majani na vitone vingi vidogo. Walifanya kazi chini ya paa moja, lakini anayetazama kwa makini hawezi kuuchanganya mkono wa mmoja na wa mwingine, kwa kuwa kila mmoja alishikilia namna yake ya kuona hadi ikakomaa. Baadaye mitindo hiyo iliigwa mno. Mimi nilikulia katika nyumba yenye picha moja ya namna hiyo, ndege watatu na majani, na nilipita mbele yake miaka mingi bila kuiona. Upya nao huchakaa, na hauchakazwi na wakati peke yake bali na mikono inayouchukua bila kuuliza ulitokana na nini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mji huu huu mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na mambo aliyoyachora yalikuwa yanajulikana na kila familia: askari wa kikoloni na mfungwa anayechapwa, Lumumba, mamba muntu, yule kiumbe wa majini aliye nusu mwanamke nusu samaki. Picha za namna hiyo zilinunuliwa moja moja na kutundikwa ukutani. Yeye, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora zaidi ya picha 100 na kuzipanga zikawa historia moja ndefu ya nchi, na kila picha akaieleza kwa maneno yake mwenyewe. Hakubuni mnyama mpya wala rangi mpya. Alichofanya ni kuuliza kila picha ya sebuleni inafuata nini na inatangulia nini, na kwa swali hilo akawa mwanahistoria. Sammy Baloji alifanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2006, alipochukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, za rangi nyeusi na nyeupe, akaziweka juu ya picha za rangi za viwanda vilivyochakaa vya leo. Viwanda vilikuwepo na picha za wafanyakazi zilikuwepo; kipya kilikuwa kuviweka pamoja.

Kwa hiyo nilirudi kwenye hadithi yangu. Nilimpa mama yule gunia la makaa. Mara ya kwanza niliandika kwamba mikono yake ilikuwa myeusi kama usiku, nikaifuta sentensi hiyo, kwa sababu mfano unaokuja wa kwanza kichwani kwa kawaida umeletwa na waliotutangulia. Badala ya kuwaza mfano mwingine, nilikwenda kukaa karibu na mama mkubwa sokoni kwa siku nne. Niliona kwamba alipokea noti kwa ncha za vidole viwili, akizishika pembeni kabisa, ili mteja anayefuata asikatae chenji iliyochafuka. Hilo nilikuwa nimeliona tangu utotoni, na sijawahi kulisoma popote. Nililiandika jinsi lilivyo, kwa sentensi zenye nukta.

Ushauri wangu mwingine ni mfupi: kazi yako msomee mwandishi mwenzako, lakini pia msomee mtu anayekijua kitu chenyewe. Wa kwanza atafurahia kwamba umethubutu, wa pili atasikia mahali ulipodanganya. Nilipomsomea mama mkubwa hadithi ile upya, alinyamaza kidogo akitazama vidole vyake. Kisha akasema kwamba majani yanayofunika mdomo wa gunia nimeyaeleza vibaya, kwamba hayawekwi juu tu kama kifuniko, yanasokotwa kwanza na kufungwa kwa kamba ya gome, la sivyo baiskeli ikipiga shimo barabarani makaa yote yanamwagika. Akanyoosha mikono kunionyesha. Niliichukua kalamu nikaanza tena ukurasa wa pili.