Mwalimu, hela ya maroboti huku haitoki shuleni

Mwalimu wangu wa Morogoro, shikamoo. Umeniuliza hawa watoto wa sekondari huku jimbo la Michigan, Marekani, wanapataje roboti la kilo hamsini na kitu la kushindana kwenye FIRST, yale mashindano ya maroboti ya shule, shule zao zina hela kiasi gani. Nakwambia ukweli maana mwanangu yuko kwenye timu na mi mwenyewe nafanya kazi karakana ya CNC, zile mashine za kuchonga vyuma zinazoongozwa na kompyuta, hapa mji wa Pontiac: shule inatoa darasa, umeme na mwalimu mmoja basi, vingine karibu vyote vinatoka viwandani.

Hapa tumezungukwa na magari. GM, Ford na Chrysler wote wako huku, FANUC wanaotengeneza maroboti ya viwandani wana makao yao ya Marekani pale Rochester Hills, halafu katikati yao kuna vikarakana kibao kama chetu vinavyochonga vipuri. Sasa Januari wakishatangaza mchezo ambao maroboti yatashindania mwaka huo ni mbio, timu ikitaka kipande cha alumini kilichotobolewa kwa vipimo wanatuma mchoro jioni, bosi anakipenyeza kwenye mashine katikati ya oda mbili za wateja, kesho dogo anapita kukichukua, na kimechongwa kwenye mabaki ambayo yangeishia skrepa. Ila kikubwa zaidi ni watu. Injinia wa breki anatoka kazini saa kumi na moja jioni anakuja kukaa na watoto mpaka usiku, halipwi hata senti.

Ndo maana jimbo hili lina timu zaidi ya 500 kwenye mashindano ya FIRST, hakuna jimbo lingine linalolifikia. Binamu yangu yuko mji mdogo wa mahindi kule Nebraska, wanae wana akili zile zile, lakini timu yao inauza keki na kuosha magari ili walipe ada ya kushiriki tu ambayo ni maelfu ya dola, mota ikiungua wanasubiri posta. Inaniuma sana hii.

Na hata huku viwanda vikiyumba watoto wanayumba navyo. Mwaka juzi sehemu moja iliyokuwa inatusaidia ilipunguza wafanyakazi, fundi aliyekuwa anawafundisha kuchomelea akapata kazi jimbo lingine, tukabaki na mashine bila mtu wa kuwaelekeza msimu mzima.

Kwa hiyo ile barua unayotaka kuandika kuwaombea wanafunzi wako wafadhili wa huku mi naona iweke kando kwanza. Hapo mkoani kwako Mtibwa na Kilombero wana viwanda vya sukari, na kiwanda cha sukari hakikosi karakana, SUA, chuo kikuu cha kilimo, wana watu wa zana za kilimo, wachomeleaji wamejaa mjini. Usiwaombe hela, waombe mabaki ya vyuma na Jumamosi mbili za fundi mmoja. Wa huku wanaijua gia kwa sababu baba zao wanachonga gia, wa kwako wataanza na pampu na mikanda, ni sawa kabisa. Ukipata chochote nipigie picha na vipimo vyake nikuchoree chasisi inayotoshea hivyo hivyo vyuma.