Kabla hujaandika "hawana mwamko"

Ripoti yangu ya kwanza ya utafiti ilirudishwa ikiwa na duara moja la wino mwekundu. Nilikuwa nimetumwa kuchunguza kwa nini wazazi wa shule fulani hawahudhurii mikutano. Nilizunguka na madodoso wiki tatu, nikahesabu, nikachora majedwali, kisha nikahitimisha kwa kujiamini kwamba wazazi hawana mwamko. Msimamizi wangu alilizungushia neno "mwamko" na kuandika pembeni: "Umejuaje?"

Nikaenda kumjibu. Nikamwambia, si hawaji mikutanoni? Akaniuliza, na kwa nini hawaji? Nikafungua mdomo niseme hawana mwamko, nikaufunga.

Tangu siku ile nayatilia shaka maneno ya aina hiyo: uvivu, ushamba, malezi mabaya, "ndivyo walivyo". Yanasikika kama sababu, kumbe ni tabia ileile imevishwa nguo nyingine. Mtu akikuambia fulani hafanyi kazi kwa sababu ni mvivu, muulize ameuonea wapi huo uvivu. Atakuonyesha kazi ambayo haijafanywa. Mmezunguka mkarudi palepale. Kwa hiyo, kama unaanza kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, au kazi yako ni kuandika ripoti kuhusu watu, sababu unayoitaja iwe kitu kinachoweza kuonekana na kuchunguzwa kando ya tabia unayotaka kuieleza. Ukishindwa kukionyesha, bado hujaeleza kitu.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliliona hilo mapema. Mwaka 1897 alichapisha kitabu chake kuhusu kujiua, jambo ambalo kila mtu angedhani ni siri ya moyo wa mtu mmoja. Yeye hakuhangaika na mioyo. Alilinganisha viwango vya vifo hivyo kati ya kundi na kundi, waliooa na wasiooa, Waprotestanti na Wakatoliki, akatafuta sababu katika jinsi mtu anavyofungamana na wenzake. Baadaye wapo waliomkosoa kwamba takwimu za serikali nazo zilijazwa na watu, na watu huficha aibu za familia. Hoja nzito, lakini angalau alikuwa ametaja kitu kinachoweza kubishaniwa. Mwamko wangu haukuweza hata kubishaniwa.

Utafiti ninaopenda kuwasimulia vijana ninaofanya nao kazi ni wa wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, uliochapishwa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, chuo cha dini huko Marekani, wakamwambia kila mmoja aende jengo jingine akatoe hotuba fupi. Wengine hotuba yao ilikuwa juu ya mfano wa Msamaria Mwema, yule wa kwenye Injili aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi. Njiani aliwekwa mtu amejiinamia mlangoni, anakohoa na kugumia. Nani atasimama? Ungetegemea dini ya mtu iamue, au walau ile hotuba aliyokuwa akiipanga kichwani. Kilichotenganisha ni haraka. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisaidia. Walioambiwa tayari wamechelewa, asilimia 10 tu. Watu wa aina ileile, wito uleule, ila dakika chache. Kila ninapotaka kumhukumu mtu aliyenipita bila salamu, hizo dakika hunijia.

Basi nikarudi kwa wazazi wa shule ile, safari hii bila dodoso. Na hapa nikiri kosa la pili: kwenye dodoso la kwanza niliwauliza kama mikutano ina umuhimu, na karibu wote walijibu ndiyo. Nilishangaa wakati huo, leo nisingeshangaa. Mwanasosholojia Richard LaPiere aliwahi kuzunguka Marekani akiwa na mume na mke Wachina, zama ambazo ubaguzi dhidi yao ulikuwa wazi kabisa. Katika hoteli na migahawa 251, walikataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye sehemu hizo kuuliza kama wangepokea wageni Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Matokeo yalitoka mwaka 1934. Jibu la karatasini ni tendo la karatasini, na linaweza kukosea upande wowote. Kama unaweza kuangalia watu wanavyofanya, usitosheke na wanavyosema.

Lakini kuangalia peke yake nako hakutoshi, na ndiyo sababu Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alisisitiza kwamba tendo la binadamu lina maana kwa anayelitenda, na maana hiyo lazima uifuate. Mama mmoja alinipa kiti, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, kila mkutano wanamalizia kwa kusoma majina ya wanaodaiwa ada." Kwake, kwenda mkutanoni ilikuwa kwenda kusomwa.

Sasa nilikuwa na sababu inayoweza kupimwa. Kama ni aibu ya deni, wasiodaiwa wanatakiwa kuonekana zaidi. Nikalinganisha orodha ya mahudhurio na ya ada, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyokuwa. Si wote, maana kuna waliolipa kila kitu na bado hawakuja. Wengi wao walifanya kazi za usiku, na mkutano ulikuwa asubuhi, wakiwa wamelala.

Tahadhari moja imenisaidia sana: usimhukumu mtu mmoja kwa takwimu za kundi lake. Mwanasosholojia William Robinson alionyesha hili mwaka 1950 kwa takwimu za sensa ya Marekani. Majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma na kuandika, ilhali wahamiaji wenyewe, mmoja mmoja, walikuwa nyuma kidogo katika kusoma na kuandika. Walikuwa tu wamehamia kwenye majimbo ambayo wenyeji wake wengi walijua kusoma. Na matokeo ya utafiti mmoja, hata huo wa seminari ninaoupenda, uyashike kwa mkono mwepesi. Mwaka 2015 watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia, chini ya nusu ndizo zilizotoa matokeo kama ya mwanzo.

Niliandika ripoti upya, "mwamko" halimo. Mkuu wa shule aliisoma yote mbele yangu, akaiweka chini akisema hao wazazi wanatafuta visingizio tu, hawajali. Nikamuuliza, kwa heshima zote, amejuaje. Akasema: "Si hawaji mikutanoni?"