Askari wa akiba wanaofanya kazi na raia

SWALI: Mhariri salaam, nasikia jeshi la Marekani lina vikosi vya akiba vya masuala ya kiraia na vingine vya operesheni za saikolojia, sasa si kitu kilekile tu? Na kwa nini wawe wa akiba?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hawa ni majirani tu. Wote wapo chini ya kamandi moja inaitwa USACAPOC, yaani Kamandi ya Masuala ya Kiraia na Operesheni za Saikolojia, makao yake Fort Bragg, North Carolina, na tangu 2006 iko kwenye jeshi la akiba, si tena kwenye kamandi ya vikosi maalumu. Askari wa masuala ya kiraia wanakaa na meya, wazee na mashirika ya misaada, wanauliza maji yamekatika wapi, hospitali ina umeme au la. Wa saikolojia wao kazi yao ni ujumbe: redio, vipaza sauti, vipeperushi. Kwenye Vita vya Ghuba 1991 vipeperushi vilimwagwa kama milioni 29 hivi, na wanajeshi wengi wa Iraki walijisalimisha wakiwa navyo mkononi!

Kuhusu akiba, hapo ndo utamu ulipo. Injinia wa maji, mwanasheria, mtu wa benki, hawa ujuzi wao wanaupata kazini uraiani, jeshi likitaka kuwafuga mwaka mzima watasahau kazi. Kwa hiyo wanafanya mazoezi wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, wakiitwa wanaenda. Wa kudumu wapo pia, ila masuala ya kiraia sehemu kubwa iko akiba.