Re: Wachumba wanapimwa kabla ya ndoa, mbona maambukizi bado yapo?
Habari mkuu, umeuliza mbona kanisani kwenu wachumba wanapimwa VVU na bado watu wanaambukizana. Mi niko kamati ya ndoa, cha kwanza angalia majibu yanapitia kwa nani, kwetu wazee walikuwa wanayaona kabla ya wahusika, mwenye wasiwasi anakimbia tu. Halafu kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya hadi siku 90, na baada ya harusi nani anarudia? Ila kubwa zaidi ni mtu anaombewa, anashuhudia kapona, anaacha ARV, wiki chache virusi vinapanda tena na mwenzake hajui kitu, wakati angemeza bila kuacha mpaka visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, asingemwambukiza kwa ngono. Mchungaji mwenyewe aseme madhabahuni dawa zisiachwe, sisi wengine hawatusikilizi.