Adabu kwa Mchangiaji Mgeni: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Nilituma marekebisho ya mistari kumi na miwili kwenye mradi wa programu huria (ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuurekebisha), na huu ni mwezi wa pili sijajibiwa. Je, nimedharauliwa?

Yaelekea hapana. Miradi mingi hushikiliwa na watu wawili watatu wanaoishughulikia usiku, wakishatoka kazini. Kumbusha mara moja, kwa upole. Hata hivyo, wasimamizi hawana udhuru wa kukosa mstari mmoja wa kusema "tumepokea, tutapitia baada ya toleo lijalo", kwani aliyejitolea asiposikia neno hajui kama kazi yake imekataliwa au imesahaulika, na mara nyingi huondoka kimya kimya kama alivyokuja.

Swali: Mimi ni msimamizi. Nitakataaje msimbo mbovu bila kumvunja mtu moyo?

Taja kasoro ya msimbo, usimguse aliyeuandika. Juzi nilimjibu mgeni hivi: "Asante. Jaribio uliloongeza linaonyesha hitilafu vizuri, nalichukua. Ila marekebisho yenyewe yanaharibu mafaili ya toleo la zamani, hivyo siwezi kuyapokea. Tazama tunavyosoma tarehe, kisha ujaribu tena." Alirudi baada ya siku nne. Wapo wanaodai kuwa ukali ndio unaolinda ubora, na mfano wao ni Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi huria wa Linux, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa majibu ya matusi. Mwenyewe, Septemba 2018, aliomba radhi hadharani na kupumzika kwa muda, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili. Linux haikuporomoka.

Swali: Je, upole hautawafungulia mlango wenye hila?

Hofu hii ina msingi. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mchangiaji wa xz, programu ya kubana mafaili, aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa amepachika humo njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliibaini baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Lakini kabla ya hapo, akaunti zisizojulikana zilikuwa zimemsonga msimamizi aliyechoka, zikimlaumu kwa kuchelewesha kazi, hadi akagawana madaraka na mchangiaji huyo. Ufidhuli, basi, ndio uliotumika kama ufunguo. Mjibuni mgeni kwa heshima, na msimbo wake usomwe mstari kwa mstari, hata akifikisha mwaka wa tatu.