Masafa mapya ya FM Arusha na Moshi: nafasi hupatikana wapi?

Mkuu, umesema umezungusha redio ya gari kutoka Kisongo hadi Usa River ukitafuta masafa ya kituo chako kipya, ukakuta mapengo kadhaa, halafu fundi akakwambia bendi imejaa. Pengo la redioni si masafa huru, na bendi iliyojaa bado ina pa kupenya. Kinachoamua ni tofauti ya nguvu kati ya mawimbi yako na ya kituo jirani (chenye masafa yako au ya karibu) pale pale alipo msikilizaji.

Bendi yetu ni 87.5 hadi 108 MHz, na mpango wa kimataifa wa Geneva wa 1984 umeigawa kwa hatua za kHz 100. Kwa stereo, ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano) inataka umzidi kwa desibeli 45 (dB, kipimo cha tofauti ya nguvu) mtu mwenye masafa yale yale. Akiwa umbali wa kHz 100, dB 33. kHz 200, dB 7. Kuanzia kHz 300 mambo yanageuka: yeye anaweza kukuzidi kwa dB 7, na kwenye kHz 400 akakuzidi kwa dB 20, yaani nguvu mara 100, bado ukasikika vizuri. Hapo ndipo pa kutafuta.

Lakini mahali pa mlingoti ndipo wengi wanapoharibu. Ukisimamisha wako Njiro na jirani wa kHz 400 ana kilowati 2 kwenye kilima kingine, wakazi wa chini ya mnara wake hawatakupata, kwa sababu pale anakuzidi mno. Omba nafasi kwenye mnara wake. Antena zikiwa pamoja, kwa kimo na mwelekeo unaokaribiana, tofauti yenu inabaki karibu ile ile kila kona ya mji: kilowati 2 kwa wati 100 ni dB 13, uko salama. Weka antena yako mwenyewe. Kuchangia antena moja kwa pengo dogo hivyo kunahitaji kombaina (kifaa cha kuunganisha transmita kadhaa kwenye antena moja) ya vichujio vingi, na bei yake inaumiza. Kichujio kwenye transmita usikiache, la sivyo mawimbi yenu yatachanganyika na kuzaa mengine.

Mchanganyiko huo una hesabu yake: zidisha masafa ya kwanza kwa 2, toa ya pili. 104.0 na 98.0 yanazaa 110.0, ambayo iko kwenye bendi inayoongoza ndege kutua. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko katikati ya Arusha na Moshi, kwa hiyo fanya hesabu hii na kila kituo cha mnara huo kabla hujapeleka maombi. Epuka pia tofauti ya MHz 10.7 na kituo chenye nguvu mjini, mfano 93.0 na 103.7, maana redio za kawaida hufanya kazi ndani kwa MHz 10.7 hiyo na zitavurugika.

Nguvu omba kidogo. Wati 100 kupitia mita 40 za kebo ya nusu inchi zinafika kwenye antena kama 80. Kwa dipoli moja (antena rahisi kabisa), kilomita 10 bila kizuizi, nguvu ya mawimbi ni takriban dB 76 juu ya mikrovolti 1 kwa mita, wakati ITU inataka 66 kwa stereo mjini. Kila wati unayoongeza inakuletea vituo zaidi usivyotakiwa kuvivuruga, mpaka ng'ambo ya Namanga. Ukilenga Ngarenanyuki, hesabu ni nyingine: Mlima Meru unakinga sehemu kubwa ya mawimbi ya mjini, na masafa yasiyowezekana Sakina yanaweza kufaa huko.

Kupima, kifaa cha SDR (redio ya kuchomeka kwenye kompyuta) cha bei ndogo kinatosha kwa kuanzia, ila karibu na minara kinazidiwa na kuonyesha vituo vya uongo. Weka kipunguza nguvu cha dB 20: kituo cha kweli kitashuka dB 20, cha uongo kitashuka zaidi au kutoweka. Pima alfajiri pia, maana hewa ikitulia mawimbi ya mbali hufika.

Transmita usiinunue mpaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikupe masafa kwa maandishi. Ukishawasha, hakikisha modulesheni (kiasi ambacho sauti inayumbisha masafa) haizidi kHz 75 kila upande. Ikizidi, zile dB za juu hazitumiki tena, na jirani wa kHz 200 ndiye atakayeanza kulalamika.