Kibali cha usalama: nani kakuruhusu kuwa salama?

SWALI: Naandaa somo kuhusu bandari za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nataka kueleza zile karatasi walizopewa wapakuzi, mafundi na mabaharia ili waweze kuingia gatini. Nimeandika "vibali vya kiusalama kwa wafanyakazi wa kiraia". Mwenzangu kanisahihisha kwamba iwe "vibali vya usalama". Nani yuko sahihi? (Mwalimu wa historia, Kihesa, Iringa)

JIBU: Hakuna, Mwalimu. Mwenzako amekutoa kibanzi, boriti imebaki palepale. Boriti yenyewe ni hiki "kibali cha usalama", ambacho siku hizi kimejaa kwenye matangazo, kwenye mabango ya getini na hata kwenye barua za watu waliosoma.

Tuanze na vibali tunavyovifahamu. Kibali cha ujenzi kinaruhusu ujenzi. Kibali cha kuvuna miti kinaruhusu kuvuna miti, na mtu wa Mafinga hahitaji kufafanuliwa hilo. Kibali cha kuzika kinaruhusu kuzika. Kila mara, kinachokuja baada ya "cha" ndicho kilichokuwa kimezuiwa mpaka mkubwa fulani agonge muhuri. Haya, kibali cha usalama kinaruhusu nini? Kinaruhusu usalama! Yaani mpakuzi wa New York mwaka 1942 alipanga foleni, akachukuliwa alama za vidole, akapigwa picha, ili hatimaye mkuu wa bandari amkubalie kuwa salama. Na aliyenyimwa, sijui tuseme aliamriwa aendelee kuhatarika?

Najua utakalonijibu: mbona tunasema mkanda wa usalama na kofia ya usalama? Tunasema, na ni sawa. Mkanda na kofia ni vifaa, na kifaa hutajwa kwa kazi yake. Kibali si kifaa. Ni tendo la kukubali lililowekwa kwenye karatasi, na ukilitaja, msikilizaji anangoja kusikia limekubaliwa jambo gani. Asiposikia jambo, atadhani unamtaja mtoaji, kama katika "kibali cha mkuu wa wilaya". Hapo ndipo mambo yanapochacha, maana kwa sikio la Mtanzania, Usalama wanaotoa kitu ni wale jamaa wasiovaa sare. Wanafunzi wako wa Kihesa watatoka darasani wakiamini kwamba makuli wote wa Marekani walikuwa na mtu wao huko juu.

Asili ya neno haitatuchelewesha. Kibali ni la Kiarabu, ukoo mmoja na kubali. Ki- yake ilifanana tu na yetu, tukaifanyia wingi wa vibali, kama tulivyofanya kitabu kikazaa vitabu. Wanaoomba kibali mbele za Mungu kila Jumapili wanalitumia kwa maana yake ya zamani ya kukubalika, wala sina ugomvi nao.

Sasa, ukitaka kuandika habari za bandari yenye ulinzi wa vita, tenganisha karatasi tatu. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Pasi inasema unaruhusiwa kupita wapi. Kibali kinasema unaruhusiwa kufanya nini, na mara nyingi lini na kwa masharti gani. Dereva wa lori anayetoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam anazijua tofauti hizi bila kufundishwa: leseni na kitambulisho viko mfukoni, na bila pasi ya getini gari litalala nje. (Na tafadhali, geti ndiko unakoonyesha pasi, gati ndiko meli inakofunga. Wewe umeliandika sawa, wengi hawaandiki.)

Anayedhani nachokonoa maneno tu asome habari za meli Normandie. Ilikuwa ya abiria, ya Wafaransa. Wamarekani waliichukua na kuanza kuigeuza iwe ya kubeba askari. Tarehe 9 Februari 1942, ikiwa gatini New York, mafundi walikuwa wakikata nguzo za chuma kwa moto wa gesi. Cheche zikarukia lundo la maboya ya kuvaa yaliyojazwa sufi, na kila aliyewahi kulalia godoro la sufi anajua linavyopokea moto. Maji ya wazima moto yakajaa upande mmoja, na usiku huo meli ikalala ubavu. Watu walidhani ni hujuma. Haikuwa hujuma. Waliokata chuma walikuwa mafundi halali, wenye kila sababu ya kuwepo pale. Kitambulisho kisingezuia cheche hata moja. Kilichokosekana ni udhibiti wa kazi yenyewe: maboya kuondolewa kwanza, mlinzi wa moto kusimama karibu na mpira wa maji ukiwa tayari, ndipo mtu aambiwe kata. Hicho ndicho kibali, na jina lake ni kibali cha kukata kwa moto. Ukiziita karatasi zote hizi "vibali vya usalama", umefuta tofauti iliyoigharimu meli nzima.

Siku 16 baadaye, tarehe 25 Februari, Rais Roosevelt alitia saini amri ya kulinda meli, bandari na majengo ya ufukweni, na Walinzi wa Pwani ndio waliotoa kadi za picha na alama za vidole. Hizo, Mwalimu, ndizo unazozitafuta. Zilimtambulisha mtu na kumpitisha getini. Ziite pasi za bandarini. Vita vya Korea vilipokuja, sheria ya 1950 ilirudisha utaratibu huo ukiwa mkali zaidi. Aliyetiliwa shaka alinyimwa kadi bila kuelezwa kinagaubaga ametuhumiwa nini na nani, na bila kadi hakuna meli wala mshahara. Mwaka 1955, katika kesi ya Parker dhidi ya Lester, mahakama ya rufaa ilisema utaratibu huo unavunja haki. Jaribu kuandika kwamba watu hao "walinyimwa usalama" uone sentensi inavyokugeuka.

Kuna atakayependekeza kipande. Ni neno zuri, la kwetu kabisa, lakini lina kovu. Kenya ya mkoloni iliwavalisha wanaume Waafrika kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati. Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mababu wa Iringa, Njombe na Mbeya waliokwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro walilipwa kilipojaa. Ukimpa kuli wa San Francisco kipande umempa na historia isiyo yake.

"Kiusalama" je? Ki- hiyo huonyesha namna ya kufanya jambo: kijeshi, kitoto, kisheria. Kuibandika juu ya u- ni tabia ya waandishi wa ripoti. "Kiuchumi" ilinishinda zamani, nimeinua mikono, hata mimi naitumia. "Kiusalama" naivumilia panapo "sababu za kiusalama", kwa shingo upande. Kwenye kibali, hapana.

"Kwa" nayo iondoke: kibali hupewa mtu, hakiwi "kwa" mtu. Halafu "wa kiraia". Raia kwetu ana maana mbili, mwenye uraia na asiye askari. Msomaji wa "wafanyakazi raia" atadhani wageni walifungiwa nje, hasa katika habari inayohusu ukaguzi wa watu. Sema wasio askari.

Andika hivi: "Wakati wa vita, wafanyakazi wasio askari walipewa pasi za bandarini." Mwenzako akikuuliza kama pasi si ya kunyooshea nguo, mwambie ni hiyo pia, na ya mpira vilevile.